Mwanaume, Kiti Chako Kiko Wapi?

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimeonewa. Angeline amepandishwa cheo: mwalimu mkuu, shule ya wasichana huko Kangeta, Meru. Ameniambia asubuhi tukinywa chai niliyopika mimi. Nikasema hongera, mke wangu, na niliisema kwa moyo. Moyo ulidumu mpaka getini.

Getini alikuwepo Njeru, jirani yetu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, anaosha gari. Akauliza kama sasa aniite First Lady wa Kangeta. First Lady! Mimi, Gitari, mtunza stoo wa ofisi za kaunti, mtu ambaye bila sahihi yake hakuna karani anayepata hata karatasi ya chooni! Ofisini walikuwa wameshasikia. Mmoja akataka kujua nitakuwa nikipika nini jioni nikiwa peke yangu. Nikamjibu kwamba hayo si maswali ya wanaume. (Nitapika ndengu.)

Angeline anataka niende naye Jumamosi ya tarehe kumi na saba, siku ya kumkaribisha shuleni. Nikasema nitaangalia kalenda. Nimeiangalia. Haina kitu mpaka Krismasi. Lakini niende kama nani?

Jumatano, 7 Mei

Mungu hamtupi mja wake. Nimeona bango karibu na soko: MWANAUME, KITI CHAKO KIKO WAPI? Semina, ukumbi wa hoteli, wanaume pekee. Nikaenda moja kwa moja kutoka kazini.

Mshauri anaitwa Nyamu. Zamani aliuza bima, sasa anaokoa wanaume. Alitueleza ugonjwa wetu: kochi. Babu zetu, alisema, kila mmoja alikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Leo mwanaume anabanwa kwenye kochi pamoja na mke, shemeji na mito ya maua. Atatoa amri gani hapo? Ukumbi mzima ukaguna. Mzee mmoja wa Runyenjes akafuta machozi. Mimi nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hasira juu ya mito.

Tiba ni kigoda asilia, kilichobarikiwa. Bei yake ilinikausha mate. Lakini Nyamu ana huruma. Anapokea kochi la mtu mmoja badala ya pesa, mradi liwe zima, halafu analiteketeza ili laana isirudi nyumbani.

Mbele yangu aliketi mtu aliyeshusha kofia mpaka puani. Njeru! Tukatazamana. Hatukuonana.

Ijumaa, 9 Mei

Angeline ameenda Kangeta kutazama nyumba atakayolala siku za kazi. Nimetumia nafasi. Vijana wa Nyamu wamekuja na pikapu, wamechukua kochi langu, lile la kando ya dirisha. Hata wanawake wa chama cha akiba cha Angeline wakija hawalikalii, husema ni la Baba Ann, yaani mimi. Mto wake umeshika umbo langu. Lilipopakiwa niliona uchungu kidogo. Nikajikaza.

Kigoda ni cheusi na kinanuka rangi ya viatu. Nimekikalia. Magoti yamefika masikioni. Nyamu alitwambia tusishtuke, ni mababu wanatuvuta karibu na ardhi.

Jioni Angeline akauliza kochi liko wapi. Nikasema liko kwa fundi.

Jumapili, 11 Mei

Nimetoa amri yangu ya kwanza kutoka kigodani: sauti ya televisheni ipunguzwe. Angeline akageuka huku na huku akitafuta nani anaongea. Meza ya katikati ilikuwa imenificha. Nikainua mkono. Akaniuliza kama mgongo unaniuma, akaniletea mto. Wa maua! Nikaukataa kwa ukali. Alipoingia jikoni nikaukalia.

Tulikula mukimo wa viazi na mahindi. Kidevu changu kililingana na sahani. Sitasema ilikuwa vibaya, kijiko hakikuwa na safari ndefu.

Jumanne, 13 Mei

Balaa! Mama mkwe amefika kutoka Siakago na kuku na mkungu wa ndizi, amekuja kumbariki binti yake. Akalipita kochi la kwanza. Akalipita la pili. Akaketi juu ya kigoda changu na kushusha pumzi ya raha.

Nifanye nini sasa? Mama mkwe! Mtu ambaye nikimwona njiani mimi ndiye ninayempisha! Nimwambie ainuke? Afadhali nihame Embu. Nimesimama ukutani jioni nzima kama kalenda.

Akakipapasa miguu, akakisifu. Akasema ni kigoda kizuri sana cha kukamulia, chake kililiwa na mchwa, na kwamba enzi zake hakuna msichana aliyeolewa bila kupewa kimoja. Cha kukamulia! Kisha akauliza ng'ombe yuko wapi.

Ningeweza kusema kweli. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba ng'ombe ni zawadi yake yeye Mama, na bado namtafuta anayefaa. Mama mkwe akalia. Akajitemea mate kifuani kunibariki. Angeline akanitazama jinsi ambavyo hajanitazama tangu mtoto wetu Ann azaliwe.

Sina ng'ombe. Sina hata kochi.

Jumatano, 14 Mei

Nilienda ofisini kwa Nyamu kummeza mzima mzima. Nikamkuta ameketi kwenye kochi langu! Mto wangu! Umbo langu! Nikapiga kelele mpaka wa duka la jirani wakaja kuchungulia. Yeye alinisikiliza kwa utulivu, miguu juu ya meza. Akasema laana ya kochi hili ni nzito kuliko alivyodhani. Haliwezi kuchomwa kabla halijapozwa, na yeye ndiye anayelipoza, kwa mwili wake, kutwa nzima. Nikamwonea huruma. Mgongo wake!

Kuhusu kukamua aliniuliza swali moja tu: kati ya ng'ombe na anayemkamua, mkubwa ni nani? Akanishauri nikibebe kigoda mpaka Kangeta Jumamosi, nikikalie mbele ya wazee. Wameru, alisema, wakimwona mwanaume wanamjua.

Niliporudi nilimkuta mke wa Njeru bombani anafua, amekalia kigoda cheusi cha miguu mitatu. Nimecheka mpaka nikakohoa. Wanaume wengine hawajui kulinda vitu vyao.

Jumamosi, 17 Mei

Sijui nianzie wapi.

Hema zilikuwepo, kwaya ilikuwepo, meza kuu ina kitambaa mpaka chini. Angeline akaenda mbele kusalimia wakubwa. Mimi nikabaki nyuma, nikakitoa kigoda kwenye koti nililokifunika nalo, nikakiweka kwenye nyasi mwisho wa meza kuu. Nikaketi. Kutoka pale niliona viatu. Viatu vizuri sana. Mimi hakuna aliyeniona.

Mzee Bundi, mwenyekiti wa bodi, alizungumza sana. Kisha akasimama Angeline. Akasema kabla ya mambo yote anataka watu wamjue Baba Ann. Kwamba alipokuwa akisomea digrii jioni, ni mimi niliyempikia, niliyembeba Ann mgongoni, niliyemngoja stendi na mwavuli mvua ikinyesha. Kwamba wapo waliomcheka huyo mume, na yeye hajawahi kucheka nao. Akaniomba nisimame.

Nilijaribu! Miguu yote miwili ilikuwa imekufa ganzi. Nikashika kitambaa cha meza nijivute. Soda zikaanza kutembea. Nikakiachilia. Watu walikuwa wanapiga makofi wakitazama kiti kando ya Angeline, kiti chenye utepe, mkoba wake umewekwa juu kukilinda. Kitupu! Wazee wakaja na shuka, kofia na fimbo, heshima ya mume wa mwalimu mkuu. Walitazama huku na huku, kisha wakaviweka juu ya kiti kile. Wanawake wakapiga vigelegele. Kiti kimepigiwa vigelegele!

Nilipofaulu kusimama kwaya ilikuwa imeshaanza. Mzee Bundi akaniona na kigoda mkononi, akaniomba kwa heshima niongeze viti, kuna wageni wamechelewa. Nikaongeza.

Kwenye gari Angeline hakugomba. Afadhali angegomba. Aliniwekea shuka, kofia na fimbo magotini, akasema tu kwamba alinishikia kiti mpaka mwisho. Kisha akawasha gari. Nilipangusa macho njia nzima mpaka Embu. Vumbi la Kangeta ni baya.

Jumatatu, 19 Mei

Angeline ameondoka alfajiri, amebeba chupa ya chai niliyompikia. Nyumba iko kimya. Nimekaa nikaitafakari Jumamosi yote, neno kwa neno, bila kujipendelea, na sasa nimeona nilipokosea.

Kigoda kilikuwa kifupi.

Nilimkimbilia Nyamu kabla ya kazi. Alikubaliana nami hata kabla sijamaliza. Anacho kigoda cha daraja la pili, miguu mirefu, ukikikalia unaonekana hata na walio nje ya ua. Kimebaki kimoja tu, na Njeru ameshakiulizia. Njeru! Sikusita. Pesa sina, lakini Nyamu ana huruma. Amekubali kupokea ile shuka, kofia na fimbo. Ameviangalia kwa makini akasema vina laana, kwa sababu vilinifikia kupitia kwa mwanamke, na itabidi avipoze mwenyewe. Nikitoka nilimwacha kwenye kochi, shuka begani, kofia kichwani. Anabeba mengi, maskini.

Mama mkwe amepiga simu kuuliza ng'ombe ni wa rangi gani. Nimesema mweusi.

Angeline naye amepiga. Anauliza kama nimeshaitundika ile fimbo sebuleni, anataka kuikuta ukutani Ijumaa akirudi. Nimemwambia iko kwa fundi.