Spesa Iliyoingia Kati Yangu na Frednand

Kanazi, Ngara.

Kwa Mzee Juvenali,
Msimamizi wa Ndoa Yetu,
Nemba, Biharamulo.

YAH: SPESA ILIYOINGIA KATI YANGU NA FREDNAND

Mzee wangu, shikamoo. Na Mama Speciosa shikamoo yake apewe mkononi, asiipate kwa kusikia. Sisi hatujambo, migomba inazaa, watoto wanasoma, na ugomvi upo, ndiyo maana naandika.

Kichwa cha habari kingemtosha mtu mwenye haraka. Lakini wewe ulisimama nasi mbele ya altare ukakubali kwamba ndoa hii ikiyumba utaitwa. Sasa unaitwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Kanazi, kwa hiyo siandiki kwa hasira, naandika kwa mpangilio.

Kwanza ujue spesa ni kitu gani, maana hata mimi nilikuwa sijui, na siku hizo nilikuwa na amani. Mwaka jana Frednand aliona magurudumu mapana kwenye gari la mtu mjini Biharamulo. Akayatamani, akayatafuta ya kwake, akayapata. Kuyafunga kwenye gari letu, Noa, yakawa yanaingia ndani mno. Kila tukikata kona yanakwaruza shokapu kama panya kwenye dari. Akaambiwa dawa yake ni spesa: kipande cha chuma cha mviringo kinachokaa kati ya rimu na habu, pale gurudumu linapokalia, ili gurudumu lisogee nje. Akachongesha vyake kwa mchomelea mageti. Noa ikatanua miguu kama fahali anayetafuta ugomvi, na Frednand akawa anaiegesha mbele ya kanisa hata siku zisizo na misa.

Furaha hiyo haikudumu. Tulikuwa tunateremka kuelekea Nyakahura na magunia yetu ya maharage, usukani ukaanza kutetemeka. Nikamwambia, "Baba Happyness, gari hili lina homa." Akajibu, "Ni barabara." Barabara yenyewe ilikuwa lami isiyo na shimo. Mara gurudumu la mbele likachomoka, likatupita, likavuka mtaro na kuingia katika boma la Msukuma mmoja, Mzee Mhoja, likalala katikati ya ng'ombe wake. Sisi tukaburuzika kwa tumbo mpaka kwenye majani. Namshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Mzee Mhoja alitoka, akalitazama gurudumu, akatutazama sisi, akauliza kwa upole, "Hili mmelileta litembee, au nalo linahamia huku kama sisi?"

Akaitwa Fundi Ndizeye. Huyu ni mtu ambaye unyenyekevu ulimpita mbali. Akifungua boneti anahubiri kama askofu. Alisema spesa zile ni nene lakini bolti za habu zimebaki zile zile fupi, kwa hiyo nati zilikuwa zimeng'ata ncha tu. Akasema tundu la katikati ni kubwa kuliko habu, gurudumu halikukaa popote, lilikuwa linaning'inia kwenye bolti. Tena kulikuwa na kutu katikati, hivyo chuma hakikulala juu ya chuma. "Frednand," alisema, "hukufunga spesa. Ulifunga sala." Akazitupa, akaleta nyingine zilizotengenezwa kwa habu ya Noa, zenye bolti zake zenyewe, halafu akamwachia mume wangu masharti.

Mzee wangu, Frednand hajawahi kushika amri za Mungu kama anavyoshika masharti ya Ndizeye. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Akiamka haniamkii mimi. Anatoka na wili spana, anachuchumaa kwa kila gurudumu, anagusa nati moja moja, ndipo anarudi ndani kuniuliza nimelalaje. Nimelala nikiwa wa tano, nitakuwa nimelalaje?

2. Alifundishwa kwamba nati hazikazwi kwa kufuatana. Unakaza moja kidogo, unaruka kwenda iliyo upande wa pili, unarudi huku, kama unachora nyota, mpaka rimu ikae sawa pande zote. Sasa kila kitu anakifanya kwa nyota. Akigawa maharage mezani anaanza na mtoto wa huku, anaruka kwa wa kule, na wa katikati anabaki na sahani tupu akilia. Alipopigilia bati la jiko, alihamisha ngazi kutoka pembe hadi pembe mchana kutwa. Hata kwenye Jumuiya, tulipokuwa tunasuluhisha jirani na mkewe, alisimama akasema, "Mmemkaza mume peke yake. Mkikaza upande mmoja, nyumba itakwenda ikiyumba." Watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga.

3. Alimkataa mama yangu mzazi. Ndizeye alimwambia magurudumu yakisogezwa nje, beringi za habu zinabeba mzigo zaidi, basi asizidishe uzito. Mama alikuwa anakwenda hospitali kumwona dada yangu aliyejifungua, ana mikungu yake ya ndizi, na gari tayari lina watu. Frednand akamwambia kwa heshima zote, "Mama, shikamoo, lakini itabidi uchague: wewe au ndizi." Mama akafikiri, akasema mgonjwa hali mazungumzo, ziende ndizi. Zikaenda zimekaa kitini. Mama akabaki barazani kwangu, na mpaka leo akipita hapa huwauliza wajukuu kama kuna nafasi ya binadamu.

4. Magurudumu yakitokeza nje ya bodi yanarusha matope. Masika haya Noa ilimpaka katekista kuanzia viatu mpaka kitabu cha nyimbo. Frednand akasema kosa ni lake, gurudumu halitakiwi kupita madigadi. Nikadhani sasa atazitoa spesa. La hasha! Alichukua turubai langu la kuanikia kahawa, akalikata vipande, akayarefusha madigadi. Katekista sasa ni msafi. Kahawa yangu iko chini.

5. Hili ndilo lililonitoa machozi. Unamjua Priscila, binti wa marehemu shemeji yangu, tuliyemlea kama wetu. Siku ya harusi yake, Noa ndiyo ilikuwa gari la bibi harusi. Asubuhi Frednand aliyafungua magurudumu, akasugua habu kwa brashi ya waya, akayafunga tena. Mimi nikaona vyema, gari linang'aa. Sikujua kwamba kuna sharti jingine: ukishafunga upya, unaendesha kidogo, kisha unasimama na kukaza tena, kwa sababu chuma hujipanga kikianza kutembea.

Tukatoka kanisani. Matarumbeta mbele, sisi tunafuata, magari ya wageni nyuma yetu. Hatujafika mbali, Frednand akasimamisha gari katikati ya barabara, akavua koti la suti, akashuka na wili spana. Matarumbeta hawakugeuka, wakaendelea na safari yao. Nyuma yetu shangazi wa bwana harusi, mama aliyetoka Biharamulo na sauti yake yote, akapiga yowe, "Bibi harusi amekataa!" Yowe likapokelewa gari hadi gari. Wengine wakaanza kulia, na mmoja akageuza gari kabisa arudi kwao.

Kazimili, bwana harusi, aliketi nyuma na Priscila. Alishuka ametoka jasho, akainama kwa baba mkwe wake aliyekuwa amepiga goti kwenye vumbi, akauliza, "Baba, kuna tatizo?"

"Halijakuwepo bado," Frednand akamjibu. "Ndiyo maana nakaza."

Nati moja ilizunguka kidogo. Ananionyesha huko kuzunguka mpaka leo, kwa kidole, tukiwa mezani. Wakati huo matarumbeta walikuwa wameingia ukumbini peke yao, na wageni waliosubiri wamesimama kuwashangilia wapiga tarumbeta, mmoja wao akamwagiwa maua. Priscila alicheka tu ndani ya shela lake. Mimi niliinamisha kichwa mpaka Ngara mjini.

Kwa hayo yote, Mzee wangu, naomba kwa unyenyekevu umwite Frednand na kumwamuru azitoe spesa na arudishe magurudumu yaliyokuja na gari. Likishindikana, basi wili spana ikae kwako Nemba, aifuate akiwa na sababu, na sababu hiyo niisaini mimi. Likishindikana na hilo, unitafutie katika Maandiko mahali palipoandikwa kwamba mke atashindana na nati. Usipopaona, nitahamia kwa mama yangu, na nitakwenda kwa miguu.

Wasalimie vijana wako, wasalimie majirani tuliokula nao siku ile ya kipaimara, na paroko wenu mwambie tunamwombea. Mama Speciosa mwambie mbegu za maharage alizonipa zimeota vizuri kuliko za duka.

Ni mimi binti yenu katika ndoa, ninayewaheshimu na kuwasubiri,

Clotilda, mke wa Frednand (na wa Noa).

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimpe jirani yetu Aron, aliyekuwa anakuja Biharamulo na akina mama wa kikundi changu. Nilipofika kwenye gari lake niliona magurudumu yametokeza. Nikamwuliza, "Aron, umeweka spesa?" Akasema, "Ndiyo mama, mbili mbili, moja juu ya nyingine, limependeza?" Sijui nilipatwa na nini. Nilichukua wili spana garini mwake nikashika nati ya kwanza, ikazunguka bila hata kuikazia mkono. Ya pili, vivyo hivyo. Nikapiga kelele, "Shukeni wote!" Wale akina mama, wengine wana watoto mgongoni, walishuka wakidhani nimerukwa na akili, na Aron akanuna mpaka alipoizungusha nati mwenyewe kwa vidole viwili. Hapo alikaa chini kwenye nyasi.

Gari lake sasa limepandishwa juu ya mawe, na Ndizeye yuko pale anahubiri. Sisi wote tunakuja na Noa, mizigo tumeiacha, mama yangu amepewa kiti cha mbele. Barua naileta mwenyewe. Ukiipokea, anza na nyongeza hii, hayo mengine msomee Mama Speciosa acheke, na Frednand asiyaone. Tukichelewa kufika, msitume mtu kututafuta. Mimi ndiye nitakayekuwa nimesimamisha gari.