Kinu cha Mama Mkwe

Jumatatu, 29 Mei
Mama mkwe ametangaza mezani. Kinu chake cha jiwe, alichoachiwa na mama yake, kitakuwa changu nikisaga mwenyewe sosi ya kijani ya ubatizo wa Citlali. Kwa mkono. Nikishindwa, ni cha wifi Yadira, ambaye hajawahi kuchoma hata pilipili moja. Citlali wangu ana miezi mitano. Kinu hicho kitakuwa chake siku moja, naandika hapa hapa.

Jumatano, 31 Mei
Nimesaga. Dakika arobaini, mtoto analia mgongoni. Kitunguu saumu na chumvi, kisha pilipili, halafu nyanya za kijani zilizochomwa kwenye bati hadi zikababuka. Mkono umekufa ganzi. Mama mkwe akaonja, akauliza mbona ina mabonge, mwanangu, umeitafuna? Yadira alicheka mpaka akakohoa. Astahili.

Alhamisi, 1 Juni
Nimepata njia. Blenda. Jikoni haiwezekani, dirisha linatazamana na la mama mkwe. Nimeipeleka chumbani, kando ya kitanda cha Citlali, nikaifunika kwa blanketi lake. Mizunguko michache tu, isiwe laini mno. Nikamimina kinuni, nikatia giligilani, nikajirashia maji usoni yawe jasho. Mama mkwe akaimwaga juu ya mayai yake, akaongeza tena. Eti huo ndio mkono wa mwanamke. Yadira alinusa bakuli kama mbwa wa polisi. Hakupata kitu.

Jumanne, 6 Juni
Siku ya sita ya blenda. Leo tumeloweka ndani yake vipande vya kukaanga vya tortila, chapati zetu za mahindi, jibini juu. Citlali halii tena asubuhi. Analala fofofo ninapofanya kazi. Ananihurumia, malaika huyu. Wengine wajifunze kwake.

Jumapili, 11 Juni
Aibu tupu, na kosa si langu.
Sosi ilisifiwa. Watu waliimwaga juu ya nyama ya nguruwe wakaramba vidole. Ila Citlali, ndani ya gauni lake jeupe, alilia saa nzima. Baba yake akashindwa. Jirani Obdulia, mama yake wa ubatizo, akashindwa. Ndipo Yadira akawasha blenda atengeneze juisi ya tikiti. Mtoto kimya. Akaizima, kilio. Akaiwasha, usingizi.
Mama mkwe akaweka tortila yake chini. Akauliza tangu lini mtoto huyu anabembelezwa na mashine. Na mume wangu Heriberto, Mungu amsamehe maana mimi bado, akajibu kwa furaha kwamba hivyo ndivyo anavyolala kila asubuhi mama yake akisaga sosi.
Hukumu: mwezi mzima, kila asubuhi, mama mkwe asikie jiwe kutoka dirishani kwake. Siku moja tu asiposikia, kinu kinakwenda kwa Yadira.

Jumatatu, 12 Juni
Nimesaga kwa mkono. Citlali amegoma kulala. Obdulia akamwonea huruma, akaenda kwake, akarekodi mlio wa blenda yake kwenye simu, akaja kumchezea. Mtoto akalala papo hapo.
Nimeitazama ile simu muda mrefu.
Kesho nitasaga dakika mbili tu, simu kando ya kinu ikirekodi. Jiwe nalo lina sauti. Pazia nitashusha, nitasema nanyonyesha. Blenda yangu tayari iko kwa Obdulia. Blanketi pia.