Kama Mashairi ya Marehemu Rapemo Yafaa Kununuliwa

(Hotuba iliyotolewa Macalder mwaka 1996, katika uwanja wa shule ya msingi, na Bwana Byron Siage, Mwenyekiti wa Komiti ya Pamoja ya Migori na Homa Bay ya Kuenzi Washairi Waliotutangulia. Ilipangwa kuanza saa nne asubuhi. Ilianza saa nane mchana.)

Mheshimiwa Chifu, Mheshimiwa Naibu wa Chifu, mheshimiwa yule anayekaimu kiti cha Naibu siku ambazo Naibu anakaimu kiti cha Chifu, wachimbaji wa dhahabu mlioyaacha mashimo yenu kwa ajili ya fasihi, wageni kutoka Rusinga, ambao nimearifiwa mlifika jana kwa kudhani sherehe ni jana, Bwana Farah, mfanyabiashara mashuhuri wa Migori mjini, aliyetuazima hema, viti, kipaza sauti na, nisiwafiche, tai hii, Mzee Maroa wa Masara, ambaye serikali inafurahi kumwona akiwa hai (kicheko), Mama Milka Rapemo, mjane wa mshairi tunayemuenzi, na nyote ambao vyeo vyenu havikutoshea kwenye ukurasa: hamjambo. (Hatujambo.) Hamjambo tena. (Hatujambo, kwa sauti ya chini kidogo.)

Kabla sijaingia katika kiini, natoa maelezo ya kiutawala. Mnaniona nasoma kutoka katika daftari na si katika karatasi zenye nembo. Ofisi yetu haijapokea karatasi tangu mwezi wa tatu, na karani wangu Japheth, kijana wa miaka hamsini na miwili, alinitafutia daftari lenye kurasa tupu upande wa nyuma, nikalifunika kwa gazeti, kama tulivyofanya shuleni, ili lipate heshima ya faili. Hotuba imejaza kurasa kumi na saba. Msiogope, mwandiko wangu ni mkubwa. (Mtu mmoja anaketi tena.)

Sasa. Imefika mezani kwangu barua kutoka kwa Mwalimu Phanice wa shule hii, mwenye kufundisha Kiswahili darasa la saba, akiuliza kwa lugha ya adabu ambayo ilinikosesha usingizi wa mchana, je, mikusanyo ya mashairi ya Joash Rapemo iliyotayarishwa baada ya kufa kwake yafaa kununuliwa na shule zetu, au la. Swali hili ni zito, na linahitaji mtu mwenye ujuzi wa ushairi. Kwa kuwa mtu huyo hakupatikana, nimekuja mimi. (Kicheko. Makofi, yakiongozwa na Japheth.) Katika mtihani wangu wa Kiswahili, mwaka ambao sitautaja, mimi na ushindi tulipishana mlangoni, lakini uongozi, ndugu zangu, ni kusimama mbele ya jambo usilolijua na kulifungulia mkutano.

Kwa faida ya wageni, Rapemo alikuwa nani? Alikuwa mtu aliyekaa kwenye baraza la duka la Bwana Farah miaka kumi na tisa, na kalamu mbili, akiwaandikia watu matangazo ya vifo ya kupeleka redioni. Nyote mnayafahamu. Marehemu alikuwa mume wa fulani, baba wa fulani, mkwe wa fulani, ndugu wa fulani aliye Mombasa na fulani ambaye hajulikani aliko, habari zimfikie popote alipo. Hakuna aliyemshinda Rapemo katika kuwapanga wake wa marehemu bila kuleta ugomvi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Mashairi aliyaandika jioni, kwa mapenzi, katika madaftari, hadi alipofariki mwaka wa 1991. Mwaka wa 1993 komiti yangu, kwa kutumia mbinu shirikishi, ilifika kwa Mama Milka na kuchukua sanduku zima kwa ajili ya uchapishaji. Tulimpa risiti. (Mama Milka anainua risiti.) Asante, Mama, imeonekana.

Kuanzia hapo tumepiga hatua. Juzuu ya Kwanza tuliizindua Homa Bay mwaka huohuo. Juzuu ya Pili tuliizindua Rusinga mwaka uliofuata, mvua ikinyesha, nami nikisimama ndani ya mvua hiyo bila kujali suti. Na leo ni Juzuu ya Tatu. Utafiti wetu unaonyesha kwamba asilimia themanini na saba ya wananchi wamesikia habari za juzuu hizi, na asilimia kumi na tatu iliyobaki ilikuwa shambani. Mwalimu Phanice anasema katika barua yake kwamba amezitafuta Migori, Rongo na Homa Bay bila kuiona hata moja. Mwalimu, huo ndio ushahidi wa ubora. Kitabu ukikikuta dukani, maana yake hakijanunuliwa. (Kicheko kirefu kutoka upande wa wachimbaji.)

Hata hivyo mimi ni mtu wa kukiri makosa, hasa yanayojulikana tayari. Rusinga tuligawa kurasa nne za sampuli, zilizopigwa stensili, zikiwa na utenzi mmoja mrefu ambao mimi mwenyewe niliuandikia utangulizi. Niliandika kwamba mshairi ameyarudiarudia majina ya jamaa kama mawimbi ya huzuni, na kwamba marehemu anayetajwa pale ni ishara ya binadamu wote. Haukuwa utenzi. Lilikuwa tangazo la kifo. Na marehemu hakuwa ishara, alikuwa Mzee Maroa, ambaye miaka ile alimlipa Rapemo amwandikie tangazo lake mapema, ili alisikie mwenyewe na kuhakikisha hakuna mke aliyesahauliwa. (Mzee Maroa anatikisa kichwa kukubali.) Sampuli zilifika Masara kabla yangu. Wakwe wakafika na mbuzi. Naambiwa Mzee aliwapokea langoni yeye mwenyewe, akawaketisha, na jioni akawa anakula pamoja nao mbuzi wa matanga yake. (Mzee Maroa, bila kusimama, anasema mbuzi walikuwa wazuri, na kwamba mke wa tatu kweli alikuwa amesahauliwa.) Tumelipokea, Mzee. Litaingia katika toleo la pili.

Narudi kwenye swali la kununua. Swali hili lina sura mbili, na kila sura ina vipengele… (Mama Milka amesimama.) Mama, maswali ni baada ya hotuba. (Hakai. Chifu anamnong'oneza mwenyekiti kwamba mama huyu amefika tangu asubuhi.) Haya, mpeni kipaza sauti.

(Mama Milka anakataa kipaza sauti. Anasema: "Mwenyekiti, mimi sikuja kununua. Leo tunasakafia kaburi la mume wangu, baba Mourine. Alijiandikia maneno ya juu ya kaburi, yako kwa ile daftari ya bluu, ukurasa wa mwisho. Fundi ndiye yule, simiti imeshamwagwa. Nipe daftari yangu niende.")

(Watu wanageuka. Nyuma ya hema amesimama Mwikwabe, fundi wa ujenzi, mwiko na msumari mkononi, suruali nyeupe kwa saruji hadi magotini. Anaeleza kwa utulivu kwamba maneno huandikwa saruji ikiwa mbichi, kwamba jua la leo ni kali, na kwamba yeye angependa hotuba ifupishwe, kama inawezekana kisheria.)

Nimekusikia, fundi. Nimekusikia, Mama. Komiti hii haiwezi kuwa kikwazo kati ya raia na kaburi la mumewe. Japheth, liko wapi daftari la bluu? (Japheth anaangalia viatu vyake.) Japheth anatafakari. Nawahakikishia kwamba mali ya mshairi imehifadhiwa katika mfumo, na mfumo ukishawekwa hauwezi kupoteza kitu, unaweza tu kuchelewa kukiona. Naunda kamati ndogo hapa hapa ya kulitafuta, itakayotoa ripoti ya awali ndani ya siku tisini. (Mwikwabe anaangalia jua.) Thelathini.

Na wakati kamati inajipanga, tufungue katoni, ili Mama aone kwa macho yake kwamba hakutoa sanduku bure. Japheth, kata kamba. Hii hapa, mabibi na mabwana, Juzuu ya Tatu. (Japheth anatoa nakala na kumpa Mwalimu Phanice. Mwalimu anaifungua. Anaifungua tena. Anaiinua juu ili wote waone: jalada la mbele, jalada la nyuma, na hewa katikati. Juu ya jalada kuna picha ya mwenyekiti.) Naona Mwalimu amegundua awamu ya kwanza. Ndiyo, tulianza na majalada, maana kitabu bila jalada hakiheshimiki, na picha ya marehemu ilikosekana. Kurasa ni awamu ya pili. Hilo halibadilishi jibu langu kwa Mwalimu, ambalo nimelifikia baada ya tafakari ndefu, na ambalo naomba mlisikilize kwa makini kwa sababu limo ukurasa wa mwisho, nami nawatangazia rasmi, kwa niaba ya komiti nzima, kwamba (anafunua kurasa mbili kwa pamoja)

Hapa nimelala Joash, mwandishi wa vifo vyenu,
Wote niliwatangaza, kwa majina ndugu zenu,
Changu msikitangaze, hilo ndilo ombi kwenu,
Milka ajua nilipo, nyinyi nendeni makwenu.

(Kipaza sauti kinavuma peke yake. Mwikwabe amevua kofia.)

Hii… hii sikuiandika mimi. (Anavuta gazeti pembeni. Chini yake ni bluu. Japheth anasema taratibu kwamba ndilo daftari pekee lililokuwa na nafasi.) Kumbe hotuba yangu ilikuwa inamwendea Rapemo, na yeye alikuwa amekaa mwisho wa daftari ananingoja.

(Mama Milka amekwisha fika jukwaani. Ananyoosha mkono. Mwenyekiti anatazama kurasa zake kumi na saba, kisha anampa daftari. Mama anaweka risiti mezani, analibana daftari kwapani na kumfuata fundi, ambaye tayari anakimbia. Wa kwanza kuondoka nyuma yao ni Mzee Maroa. Kisha wageni wote wa Rusinga. Kisha wachimbaji.)

Ndugu zangu, hotuba imeondoka, kwa hiyo haya ninayasema kutoka kichwani, na mtaona mara moja kwamba hamna mengi. Ushairi juu. (Japheth peke yake: Juu.) Namshukuru Bwana Farah kwa hema, na tai nitaifua kabla ya kuirudisha. Nawashukuru waliolipia mapema nakala za Juzuu ya Kwanza, ambayo haikuwahi kuchapishwa, na waliosubiri Juzuu ya Pili, ambayo ilikuwa zile kurasa nne. Mwalimu Phanice, naomba uandike jibu la ofisi kama ifuatavyo: mashairi ya marehemu Rapemo yafaa kununuliwa sana, lakini ipo nakala moja tu, iko kwa mwenyewe, na haiuzwi. (Mwalimu anaandika jibu hilo ndani ya jalada, penye nafasi tele.)

Asanteni kwa kuja. Sasa nendeni makwenu, maana mmeshaambiwa na aliyejua kusema. Japheth, funga katoni, tupite kaburini. Nikasome mwisho wa hotuba yangu kabla haujakauka.