Dakika Sita kutoka Gesima hadi Kisii

Mwezi Machi 1969, kwa furaha na kwa muhuri, Kamati ya Umbali wa Anga iliutangazia umma kwamba kutoka Gesima hadi mji wa Kisii ni maili kumi na mbili, na kwamba safari hiyo huchukua dakika sita.

Ndege haikuwepo. Jambo hilo lilishughulikiwa katika kifungu cha tatu cha waraka wetu: ndege ni chombo tu, umbali ndio ukweli. Nilikiandika mimi, katibu.

Mwenyekiti wetu, Bwana Nyamongo, aliagiza shughuli zote za serikali zifuate muda wa anga. Mtu wa Gesima aliyeitwa Kisii saa tatu alitarajiwa kuondoka saa tatu kasoro dakika sita. Mwenye kesi akichelewa, ameshindwa. Kifungu cha saba kilikataza kutaja barabara kama udhuru. Mwezi wa kwanza walishindwa watu kumi na mmoja. Tuliyaita hayo maendeleo.

Kilichobaki ni uwanja. Kamati ilichagua shamba la chai la mjane Bonareri, kwa kuwa lilikuwa karibu tambarare na mwenyewe hakuwa na ndugu ofisini.

"Mama, huoni fahari ndege kutua kwako?" Mwenyekiti alimwuliza.

"Naona, baba. Itachuma chai?"

"Itakufikisha Kisii kwa dakika sita."

"Nikishafika, nitauza nini?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda. Tukalipeleka shauri kwenye baraza la ardhi, Kisii, Jumanne saa tatu asubuhi. Mwenyekiti alitabasamu. Masika yalikuwa yameanza, na mjane hakuwa na gari.

Bonareri hakuusoma waraka wetu. Aliondoka jogoo la kwanza, kwa miguu, viatu mkononi.

Mimi nilipendekeza, kwa unyenyekevu, nasi tutoke alfajiri.

"Katibu," Mwenyekiti alisema, "unataka nivunje waraka wangu mwenyewe?"

Alikuwa mtu wa msimamo. Tuliwasha Landrova saa tatu kasoro dakika sita. Saa tatu kamili tulikuwa bado tunaiona Gesima nyuma yetu. Saa nne tulizama topeni karibu na Keumbu. Nilisukuma. Mwenyekiti naye alisukuma, kwa cheo. Hasmukh, mwenye duka la hapo, akatoka na mwavuli wake.

"Bwana Mkubwa, leo ndege naingia tope?"

"Lete kamba."

"Kamba iko. Dakika sita mimi naleta."

Aliileta baada ya saa nzima.

Tulifika Kisii saa saba. Bonareri alikuwa ameketi kwenye benchi la baraza, viatu miguuni, akila ndizi ya kuchoma. Karani, Bwana Momanyi, alitusomea uamuzi: mdai hakufika kwa wakati, kwa mujibu wa waraka, ameshindwa. Shamba ni la mama.

"Lakini barabara..." Mwenyekiti alianza.

"Kifungu cha saba, mzee," Momanyi alisema. "Sahihi ni yako."

Bonareri akasogea, akatupisha kwenye benchi.

"Poleni na safari, baba. Mlipitia angani?"

Niliandika swali hilo kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti alikuwa akiutazama mguu wake wa kushoto, ambao kiatu chake kilikuwa bado Keumbu.