Supu ya Vituo Vitatu

Jumatatu, 6 Mei

Hasira! Nimetoka ofisi ya mikopo ya serikali na masikio bado yananichoma. Wanawakopesha wauza chakula wanaotembea. Mimi nina mkokoteni wa supu, basi nikapeleka fomu kifua mbele. Afisa mikopo, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akasema hatoi hata senti mpaka aone picha za mkokoteni ukiuza katika vituo vitatu tofauti. Vitatu! Mkokoteni wangu haujawahi kutoka nyuma ya nyumba. Unasukumwa! Kuna kilima! Mke wangu akasema basi usukume. Akaongeza kuwa nisipopata mkopo wiki hii, nikaombe kazi kwa mdogo wake. Shemeji! Yule mwenye pikipiki ya magurudumu matatu ya kuuzia viazi vya kukaanga, anayepita mlangoni kwetu akipiga honi makusudi. Nimmenyee viazi? Mimi? Bora nilale njaa.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata dawa yao. Mkokoteni haukusogea hata hatua moja. Nilizunguka na kamera, nikabadilisha kinachoonekana nyuma yake. Kituo cha kwanza: ukuta wa jirani. Cha pili: mabati ya choo. Cha tatu: pazia la sebuleni, lile la maua, eti bustani. Shida ilikuwa wateja. Fundi cherehani wa jirani alitaka alipwe, nikamfukuza. Akabaki mama mkwe, aliyekuja kutusalimia siku mbili na sasa ni mwezi wa tatu. Nikampa bakuli. Akalalamika supu gani hii haina nyama, haina chumvi, haina moto. Ni maji, mama, ni ya picha tu! Akanuna picha zote tatu.

Jumatano, 8 Mei

Yule afisa ana roho ya korosho. Alizipanga picha mezani, akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza mbona bibi huyu anakula kwenye vituo vyote vitatu, kitenge kilekile, bakuli lilelile, na haonekani kufurahi. Nikasema ni mteja mwaminifu, ananifuata popote. Akasema vizuri sana, angependa kuongea naye. Ijumaa, saa nne asubuhi, stendi ya mabasi, na mkokoteni uwepo. Karani wa mlangoni alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimwita mpumbavu. Nilikuwa nimeshafika barabarani, lakini nilimwita.

Alhamisi, 9 Mei

Nimesukuma mpaka getini. Magurudumu yameshika kutu, yanazunguka kwa shida, kilima siwezi. Ikabidi nimwendee shemeji. Akakubali kuuvuta kwa pikipiki yake, mradi nimmenyee gunia zima la viazi. Nimemenya! Vidole vyote malengelenge, na yeye amekaa kwenye kiti ananielekeza namna ya kushika kisu. Nyumbani nikamkuta mke wangu anapika supu ya kweli kwa ajili ya kesho, huku anaimba. Sijui kinachomfurahisha ni nini.

Ijumaa, 10 Mei

Nimedhulumiwa mchana kweupe! Shemeji aliegesha viazi vyake ubavuni mwa supu yangu, na watu wakanunua vyote viwili. Mimi nikawa namfokea asogee, mke wangu akawa anagawa mabakuli. Hapo ndipo afisa alipotokea. Akala. Akaongezewa. Akauliza supu kapika nani. Mke wangu. Nani anahudumia wateja? Mke wangu. Kisha akamgeukia mama mkwe, akamuuliza mimi nafanya kazi gani hasa. Mama mkwe, bila hata kupepesa macho, akajibu kwamba mkwe wake ni mpiga picha.

Fomu yangu ikachanwa. Mpya ikajazwa palepale kwa jina la mke wangu. Alitia sahihi taratibu, akalitazama jina lake, akatabasamu kama ambavyo sijamwona akitabasamu miaka mingi. Iliniuma, sisemi uongo. Kwenye nafasi ya wafanyakazi wameniandika mimi: msukumaji.

Jumamosi, 11 Mei

Mke wangu amenunua grisi na kufungua magurudumu mwenyewe. Amesema kwa upole kwamba Jumatatu tutoke pamoja alfajiri, na kwamba peke yake hataweza. Nusura nikubali. Lakini haki ni haki! Nimejifungia chumbani, naandika barua ya malalamiko kwa mkubwa wa yule afisa, yenye sahihi za wateja wangu wa siku nyingi, kumi na wawili. Tisa tayari. Za wanawake naziandika kwa mkono wa kushoto, na umeanza kufa ganzi.