Nyundo ya Giza na Mguu wa Kushoto

Jumanne, tarehe 4 Machi

Umma unatangaziwa kwamba leo asubuhi, katika jiko la nyumba hii, yai limekaangwa na kiini chake hakikupasuka. Mkaangaji ni mimi. Umma uliohudhuria ni birika na mwiko. Chumvi nilisahau.

Mke wangu yuko kwa dada yake tangu mvua zianze. Wateja wakiuliza nawaambia shemeji anaumwa, hana wa kumshika mkono. Juzi shemeji mwenyewe kapita mbele ya kibanda changu, gunia la mkaa kichwani, anatembea kama askari wa gwaride. Nikawaambia wateja kwamba anapata nafuu.

Sababu yenyewe iko mezani sebuleni: cherehani yake. Niliifungua yote ili niunde mashine ya kuchonga funguo inayokwenda kwa mguu. Wazo zuri mno! Mashine haikuchonga, na cherehani haikushona tena. Mke wangu hakugomba. Alivaa viatu tu. Angegomba ningejua pa kuanzia.

Cherehani nimeiunganisha upya. Imebaki skrubu moja, sijui kwao wapi.

Lakini ufunguo wa mlango kaondoka nao! Mimi ni fundi funguo, haya mambo nayajua. Mtu anayeondoka jumla huacha ufunguo mezani. Kila jioni nakitia kitasa mafuta, ili siku akirudi kisimsumbue. Sasa kinafunguka kimya kabisa. Nimekijaribu leo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata! Mwaka juzi tulinuniana, hatusemeshani, nikaanguka kwenye ngazi nikaumia mguu wa kushoto. Alikuja mbio, kandambili moja mguuni, nyingine kaiacha njiani. Mguu ule aliukanda wiki nzima. Kwa hiyo ninachohitaji si msamaha. Ni hatari.

Kuanguka tena, kwa umri huu na kitambi hiki, hapana. Nahitaji adui. Nimewapitia wote ninaowajua. Hakuna anayenichukia kwa kiwango kinachofaa. Hata Makufuli! Huyo ni jirani wa ng'ambo ya barabara, anauza makufuli ya dukani, na kipaza sauti chake kinauliza mchana kutwa ya nini kuchonga ufunguo mzee wakati kufuli jipya liko hapa. Hata yeye ananidharau tu, basi.

Nimeamua kujiajiri.

Simu ya zamani ipo kwenye droo. Laini mpya nimenunua leo. Binti wa dukani kaomba kitambulisho, nikampa bila wasiwasi. Mimi ni raia mwema. Nikafungua jina kwenye ukurasa wa mtaa, ambao mke wangu huusoma kila jioni: Nyundo ya Giza.

Rasimu ya kwanza ilianza kwa habari za jioni ndugu zangu. Nimefuta. Ya pili ilianza kwa naomba kukutishia. Nimefuta. Ya tatu imekaa sawa: Wewe fundi funguo, siku zako zinahesabika. Nitakuvunja mguu wa kushoto, huohuo unaokuuma mvua ikinyesha. Na kibanda chako nitakitia moto kiwe jivu.

Nimeirusha. Nikaisoma. Mwili ukanisisimka! Nikafunga mlango kwa kitasa na kwa komeo. Nikakumbuka kwamba huenda akaja leo leo. Komeo nikaliondoa.

Matokeo hadi jioni: Makufuli kaweka kidole gumba juu. Mwingine kamuuliza Nyundo kama anafanya kazi na Jumapili. Mke wangu: kimya.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mambo yamekwenda mbele bila mimi.

Nilisahau kitu kidogo. Vibanda vyetu ni vya mbao na vimeshikana bega kwa bega. Ukichoma changu umechoma cha muuza vitambaa, cha muuza vitabu na cha mama wa uji. Asubuhi nimekuta muuza vitambaa anahamisha marobota. Mama wa uji kajaza maji masufuria yote, hakuna uji. Wote wamenizunguka. Pole, mzee. Pole sana. Nimepewa kiti! Sijawahi kupewa kiti mtaa huu.

Nilikuwa bado nakifurahia kiti waliponiinua na kunipeleka kituo cha polisi. Nikasema haina haja. Wakasema ninajikaza kiume.

Afande mwenye zamu ni mwanamke mtulivu, miwani puani. Kauliza kama namfahamu Nyundo. Nikasema simfahamu kabisa. Kauliza kama nina ugomvi na mtu. Kabla sijafungua mdomo, mlango mzima ukajibu: Makufuli! Kila siku wanarushiana maneno hao! Afande akaniangalia. Nilinyamaza. Akaandika kitu kirefu kuliko kimya changu, nikatia sahihi.

Nimerudi nyumbani, nimekitia kitasa mafuta.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

AMEPIGA!

Nilikuwa na mteja. Nimemwachia kibanda, tupa ya kuchongea na kila kitu, nikakimbilia nyuma ya ukuta. Nyuma ya sauti yake nilisikia vyombo vinaoshwa. Huwa anaminya simu begani anapoosha vyombo, na kila mara namwambia itatumbukia. Leo sikumwambia. Nilisikiliza tu maji.

Alisema mengi. Alisema mguu wangu wa kushoto unaouma mvua ikinyesha unajulikana na watu wawili duniani, na yeye hakuandika. Akaniita mzee mzima, kisha akaniita jina jingine ambalo sitaliandika. Akasema watu hawalali huku kwetu kwa ajili ya huo moto wangu, niende polisi leo hii kabla kesi haijamwangukia mtu mwingine, na nisithubutu kuandika tena hata herufi. Nikasema ndiyo, mke wangu. Nikauliza amekula. Akakata.

Lakini kapiga! Dawa inafanya kazi!

Nimefikiri kwa makini. Nikienda polisi leo, hatari inakwisha. Hatari ikiisha, atapiga tena kwa sababu gani? Mgonjwa haachi dozi katikati. Nyundo kaandika mara ya pili: Fundi, nakupa hadi Jumapili. Nitakuhurumia endapo tu mkeo atarudi nyumbani kukutunza.

Naona imekaa vizuri. Haina dalili yoyote kwamba ni mimi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Asubuhi mtaa ulikuwa kimya. Nikachonga funguo mbili kabla sijagundua kinachokosekana. Kipaza sauti! Kibanda cha Makufuli kimefungwa. Kachukuliwa na polisi alfajiri.

Kwa muda mfupi, naungama, nilifurahia utulivu.

Kisha akaja mama yake. Bibi kizee, kanga mbili, kikapu cha chakula mkononi. Walimkatalia kumwona mwanawe, akaja kwangu. Kwangu mimi! Alikaa kwenye kile kiti nilichopewa. Akasema, baba, mwanangu ni mdomo tu, tangu utotoni ni mdomo tu, hata kuku hachinji. Kama kakukosea mimi ndiye ninayekuomba radhi. Akataka kupiga magoti. Nikamshika mkono nikamwambia mama, tafadhali, usinifanyie hivyo.

Nilifunga kibanda. Mvua ilikuwa inanyesha na mguu wa kushoto unaniuma njia nzima.

Afande hakushangaa. Laini ya Nyundo ina jina langu kamili, picha yangu na tarehe yangu ya kuzaliwa, karatasi ilimfikia muda si mrefu. Alikuwa anajiandaa kunifuata. Nikajitetea kisomi. Nikamuuliza kama kweli mtu anaweza kujitishia mwenyewe. Akavua miwani. Akasema mguu ni wako, baba, uvunje ukipenda. Lakini moto hausimami kwenye ukuta wako. Umeandika hadharani kwamba utachoma mbao zinazowalisha watu wanne. Waliosoma hawakuona uso wako unacheka, wameona moto. Hilo ni kosa la mtandaoni, na utani haulifuti. Kisha umekuja hapa ukaniandikisha uongo. Kosa la pili. Na kuna mtu kakaa ndani tangu alfajiri kwa kimya chako.

Afande akanyoosha mkono. Kachukua simu zote mbili, akanitia mahabusu.

Makufuli alitoka mlango uleule nilioingilia. Nilitegemea ngumi. Aliniangalia tu, akaangalia kufuli la mahabusu, akasema hilo niliwauzia mimi, bwana, halifunguki. Akaenda kwa mama yake.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeruhusiwa! Naandika nikiwa nyumbani, ya jana na ya leo. Kila kitu kwa mpangilio.

Ili nitoke alihitajika mdhamini. Waliniuliza nani. Nikataja namba yake kwa kichwa.

Alikuja na koti la shemeji, limempwaya mabegani. Amepungua? Sijui. Nywele kasuka mtindo mpya, na mimi sikuwepo kusema umependeza. Afande akamuuliza ni nani yangu. Alitazama dari. Nilihesabu mabati. Akasema, mke wake.

Mke wake!

Kisha akaongeza, kwa sasa. Hilo nadhani alilisema kwa ajili ya afande.

Sasa, kufuli. Afande kaingiza ufunguo, kufuli likagoma. Akajaribu mwenzake. Likagoma. Mmoja akasema aitwe fundi. Wakatazamana. Fundi funguo wa mtaa mzima alikuwa ndani, amekaa kwenye benchi.

Nikaomba bisibisi ndogo, mafuta ya mashine na tochi. Nikapitisha mikono kati ya nondo nikaanza kazi. Tochi ilimhitaji mtu. Afande akampa mke wangu.

Aliishika karibu, kama zamani tulipokuwa na kibanda kimoja cha mabati na yeye ndiye taa yangu. Kidole chake kikagusa changu mara moja, kwa sababu ya tochi. Nilisikia anajizuia kucheka. Halafu hakujizuia. Akacheka mpaka mwanga ukacheza ukutani, afande naye akageukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Kufuli lile ningelifungua kwa pumzi mbili. Kosa lake nililiona mara moja. Nikalalamikia springi. Nikaomba tochi ishuke kidogo, ipande kidogo. Nikalaani viwanda. Nilifanya kazi taratibu kuliko nilivyowahi kufanya maishani mwangu. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, fungua sasa, mzee. Nikafungua.

Nje alinipa mwavuli wake akaenda kwa dada yake.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Mahakamani. Nimevaa shati jeupe, mfuko wake umechanika upande. Nikauficha kwa mkono, nikaonekana kama naimba wimbo wa taifa.

Nikakiri makosa yote mawili. Hakimu alisoma ujumbe wa Nyundo kwa sauti ya juu, mpaka pale pa mkeo atarudi nyumbani kukutunza. Akasimama hapo. Akamtazama mke wangu benchi la nyuma. Akarudia kusoma. Karani akainama chini ya meza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika.

Kisha hakucheka tena. Akaniambia watu wamefungwa kwa machache kuliko haya, na kwamba kilichoniokoa ni kwenda mwenyewe na kutokuwa na rekodi. Muuza vitambaa aliitwa akaeleza jinsi alivyolala juu ya marobota yake na ndoo ya maji. Nikaangalia viatu.

Hukumu: kifungo cha nje. Kila asubuhi, miezi mitatu, nifagie safu ya vibanda mwanzo hadi mwisho, na mbele ya Makufuli. Mitandao marufuku. Nikikosa hata siku moja bila sababu, ataitwa mdhamini wangu, aje mwenyewe ajieleze pamoja nami.

Makufuli kasema yeye kanisamehe, kwa sharti niombe radhi kwenye kipaza sauti chake. Nimeomba. Kairekodi. Sasa inalia mchana kutwa, baina ya matangazo mawili ya makufuli.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Leo Makufuli kaniuliza, mkeo karudi? Nikamwambia karudi. Nikamwambia kaingia kwa machozi, kapika, tumeongea hadi usiku. Akasema afadhali. Akanipa hata mkono.

Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo niandike ilivyokuwa.

Jana mchana nilikuwa uani naanika nguo. Niliporudi ndani nikaona nyumba haiko kama nilivyoiacha. Sweta lake la kijani halipo kwenye msumari. Kikaango kimesuguliwa. Shati langu jeupe liko juu ya kiti, mfuko umeshonwa, mishono midogo midogo, ile ya kwake. Na skrubu iliyobaki haipo mezani. Kaipata ilipokuwa inakaa.

Alikuja, akakaa, akashona, akaondoka, na mimi nilikuwa hatua chache nje nabishana na shuka. Sikusikia kitu. Kitasa nilikitia mafuta mimi mwenyewe, vizuri sana, kwa moyo wote.

Ufunguo hakuuacha mezani. Nimetazama. Na chini ya meza nimetazama. Na ndani ya mfuko wa shati.

Mtu mwenye akili angesema: mwanamke kaanza kulainika, tulia, fagia, subiri. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi. Lina mantiki.

Lakini hakimu kasema siku moja tu. Siku moja nikikosa, ataitwa mdhamini, na mdhamini lazima aje mwenyewe. Kwa miguu yake. Mpaka pale nilipo. Na safari hii pengine na tochi.

Kesho Jumatatu. Fagio nimelificha juu ya dari. Nitasema limeibwa.

Kwa kweli, nitasema nilitishiwa.