Pulane Mgonjwa na Tete la Mtoni

Jumatatu, 16 Juni

Mke wangu 'Malineo ameondoka na basi la asubuhi kwenda Leribe kumuuguza mama yake aliyevunjika mguu. Atarudi Jumapili. Kabla ya kupanda aliniagiza jambo moja, mara nne: Pulane alale jikoni, karibu na moto. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Pulane ni kuku. Hatagi tangu mwaka juzi. Lineo, binti yetu wa pekee, alimlea tangu kifaranga, na alipokwenda kufanya kazi Bloemfontein alimwachia mama yake. Tangu hapo mke wangu huongea na kuku kuliko anavyoongea nami. Namwelewa. Kuku habishi.

Ila kuwasha moto nyumba mbili, ya kulala na ya jikoni, kunachosha. Samadi kavu ya kuwashia haijiokoti. Hivyo leo nimemtengenezea Pulane nyumba ya kisasa: pipa la bati, mlango wa waya, nyasi chini. 'Mathuso, jirani yangu, mjane mwenye kuku kumi na mmoja na simu isiyoisha chaji, aliegemea ukuta akauliza ninamzika nani. Niliendelea kukaza waya.

Jumanne, 17 Juni

Theluji ya kipupwe. Bati limeganda. Pulane ndani yake amejikunyata, manyoya yamesimama, kishungi kimepauka, pua zinatiririka. Anakoroma kama birika linalokaribia kuchemka. Nilimwita kwa jina. Alifungua jicho moja, akaniona, akalifunga.

Kwisha habari yangu!

Nimemhamishia kitandani. Nimemfunika blanketi langu zuri, lile la kuvaa kwenye mkutano wa chifu. Nimechemsha majani ya lengana, dawa yetu ya mafua, nikamfukiza, nami nikaingiza kichwa chini ya blanketi ili asiogope. Tulikohoa wote wawili. Kisha akalifanyia blanketi kile kuku wanachokifanya popote.

'Mathuso akaja kuomba chumvi. Niliuzuia mlango kwa mguu. Akauliza mbona Pulane haonekani. Nikasema amepumzika. Akacheka, akasema kuku akianza kupumzika hana muda. "Mchinje angali na nyama, Ntate Khoarai. Usimpe nafasi ya kukonda." Akaongeza kwamba kesho atarudi kumwangalia mwenyewe, kwa sababu 'Malineo amemwomba awe macho yake.

Macho! Huyo ni macho, masikio na redio.

Jumatano, 18 Juni

Sikulala vizuri. Pulane anachukua nafasi kubwa kuliko mtu angedhani.

Lakini nimepata dawa ya 'Mathuso. Asubuhi nimeshuka mtoni, nikakata tete moja refu, nikalichomeka kwenye nyasi za paa juu ya mlango. Nyumba yenye tete haiingiwi na mtu. Hata chifu husimama nje. Najua, tete ni la mzazi na mtoto mchanga. Lakini nimelipima jambo hili pande zote. Mke wangu ana miaka hamsini na minane na hayupo. Mimi sizai. Basi watu watasema kuna mgonjwa mahututi, watanihurumia na kuniacha. Tena si uongo, mgonjwa yupo.

'Mathuso alikuja saa nne. Aliliona tete. Akasimama pale kwenye theluji, mkono mdomoni, kisha akageuka na kurudi kwake upesi, bila neno. Miaka ishirini sijawahi kumwona akikosa neno.

Pulane amekunywa vijiko viwili vya uji mwembamba. Nimefurahi hata nikajishangaa.

Alhamisi, 19 Juni

Mambo ya ajabu. Asubuhi nimekuta mlangoni ndoo ya uji mchachu wa mtama, miche miwili ya sabuni na paja la kondoo. Watu wema! Nikapika paja.

Nilikuwa kwenye mfupa niliposikia vigelegele. Nikachungulia. Wanawake saba uani. 'Mathuso mbele ameshika fimbo nene ya kuswagia ng'ombe, na mwenzake ameshika ndoo. Wakaniita nitoke. Wakaniuliza ni fimbo au ni maji.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Lineo.

Kila mtu hapa anajua binti hurudi kwao kuzaa mtoto wa kwanza. Na kila mtu anajua akizaliwa mvulana babu au baba hupigwa fimbo, akizaliwa msichana humwagiwa maji. Wamekwisha kukata shauri kwamba Lineo amerudi kimyakimya na yumo ndani. Ningeweza kusema ukweli. Ningesema, akina mama, ni kuku. Lakini paja lilikuwa tayari tumboni, na 'Mathuso alikuwa ameikamata ile fimbo kwa mikono miwili, kwa furaha nisiyoielewa.

Nikapiga hesabu ya haraka. Nikasema maji.

Nilisahau kwamba ni Juni, katikati ya kipupwe. Ndoo ilikuwa na barafu juu.

Ijumaa, 20 Juni

Mafua. Natetemeka. Pulane hajambo kidogo. Tumelala mgongo kwa mgongo na tunakoroma kwa zamu.

'Mathuso amenipigia kelele kutoka ng'ambo ya ukuta, maana tete bado lipo na hawezi kuingia. Amesema nisihangaike kumpigia mke wangu, yeye amempigia tangu jana. Amesema 'Malineo alilia kwa furaha mpaka akashindwa kushika simu. Amesema yuko njiani.

Nilitamani kurudi chini ya ile ndoo.

Alifika alasiri. Alimwacha mama yake na mguu wake kwa shangazi, akapanda mabasi mawili. Simu ya Lineo haikupatikana, na hilo nalo likamhakikishia. Alinipita mlangoni bila salamu, akainamia kitanda, akalifunua blanketi taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Pulane alifungua macho yote mawili.

Mke wangu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliketi ukingoni mwa kitanda, koti mwilini, theluji ikiyeyuka mabegani. Akauliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia yote, pipa, tete, fimbo, maji. Alipofungua mkoba kutafuta leso nikaona kofia ndogo ya sufu, ya waridi. Aliifuma ndani ya basi. Aliambiwa ni wa kike.

Nimeona aibu leo kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Naiandika hapa kwa sababu sikuweza kuitamka.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi Lineo amepatikana. Simu ilikuwa kwa fundi. Alicheka, kisha aliposikia mama yake hacheki, akasema atakuja Agosti, bila mtoto, kama bado anatakiwa. Mama yake akamwambia asiulize maswali ya kijinga.

Mimi nimetumwa nyumba kwa nyumba kueleza na kurudisha vitu. Nyumba ya kwanza nilisema ukweli. Walicheka mpaka mzee wao akaletewa maji. Nyumba ya pili walikwishasikia. Nyumba ya tatu nikasema nilikuwa napima kama kijiji bado kinakumbuka mila, na kwamba kimefaulu. Hawakuniamini, lakini walinipa kiti.

'Mathuso anataka paja lake. Nimempa mfupa. Amesema jina langu sasa ni Babu Kuku, na watoto wamelipokea vizuri.

Jumapili, 22 Juni

Pulane amesimama. Amekula punje za mahindi mkononi mwa mke wangu, kisha akaja akanidonoa kidole. Amepona.

'Malineo ameitoboa ile kofia ya waridi, akamvisha Pulane kifuani dhidi ya baridi. Imemkaa vizuri. Aliishona kwa utulivu kando ya moto, na alipokata uzi akaniambia uji wangu uko chunguni. Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu Ijumaa yasiyo amri. Niliula wote, ingawa ulikuwa umeungua.

Nimetafakari sana. Ujinga wangu umemuumiza mtu ambaye sikutaka kumuumiza. Nimeapa, sitamficha kitu tena.

Jioni mjumbe wa chifu amepita. Kesho kila nyumba itoe mwanamume mmoja na koleo, kusafisha theluji barabarani mpaka darajani. Siku tatu! Kifua changu hiki! Na hataingia kunikagua mtu yeyote kama mlangoni kuna lile tete, ambalo bado liko zima kabisa, nyuma ya kabati. 'Malineo kesho atakwenda kanisani kufua vitambaa tangu alfajiri, kwa hiyo sitakuwa nimemficha, atakuwa tu hayupo.

Na wale wanawake wakija na swali lao, nimekwisha kujifunza. Safari hii nitajibu fimbo.